Serikali ya Kweli Ilibaki Homa Bay

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Leo nimenusa kitu. Naandika huku mlango nimeufunga.

Nilikuwa kwa mashine ya kusaga unga, nimesimama na debe langu la mahindi, nikasikia wanawake wawili nyuma yangu wakisema kuna madaktari wa macho wanakuja. Wanatoa mtoto wa jicho. Bure. Nikageuka polepole nisikie vizuri. Wakanyamaza papo hapo. Ni kweli mashine ilikuwa imewashwa dakika hiyo hiyo na hakuna mtu angesikika, lakini mimi si mtoto mdogo. Nani alimwambia mwenye mashine awashe?

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Jicho la kushoto la Mama lilizima zamani. La kulia linaona vivuli tu. Asubuhi ya leo alisalimia pipa la maji akidhani ni pasta. Aliliambia pole ya safari, akalikaribisha chai. Nilicheka. Halafu nikaenda kukaa nyuma ya jiko peke yangu, kwa sababu haikuwa ya kuchekesha hata kidogo.

Lazima Mama awapate hao madaktari. Lakini watu wa ofisini nawajua. Kitu cha bure hakitangazwi. Kinafichwa mpaka mama zao na shangazi zao wamalize foleni, ndipo sisi wengine tunaambiwa dawa imeisha, mrudi mwakani. Mpango wangu: nijue siku na mahali kabla ya kijiji kizima. Nisimwambie mtu. Mama nimemwambia akae tayari tu, mambo ya serikali aniachie mimi.

Amesema sawa, wuoda. Akiniita wuoda, mwanangu, kwa ile sauti yake, najiona naweza kubeba ng'ombe.

Kisha akauliza mbona maji yanamdondokea kitandani, ilhali nilikuwa nimemwambia kwamba nimeezeka nyumba yake upya. Nimemjibu kwamba nyasi mpya hutoa umande mwanzoni.


Jumanne, 6 Agosti

Ofisi ya D.O., mkuu wetu wa tarafa.

Ubao wa matangazo uko ndani ya wavu, na wavu una kufuli. Sasa tangazo linafungiwa la nini? Wanaogopa litatoroka? Nimesoma yote. Chanjo ya ng'ombe sokoni Ogwedhi. Onyo la kuchoma makaa, la miaka mitatu iliyopita. Mbwa wa mtu amepotea, mweupe, mkia mfupi. Kuhusu macho, hakuna hata neno moja. Ndipo nikajua lipo.

Nimeingiza kijiti kwenye wavu ili niinue karatasi za juu nione za chini. Askari akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia namtafuta mbwa. Akaniuliza ni wa rangi gani. Nikasema mweupe, mkia mfupi. Akasema basi mwenyewe ni mimi, nimetafutwa sana, mbwa yupo amefungwa nyuma. Imenichukua muda mrefu kumkataa yule mbwa, na bado amenifuata mpaka mlangoni.

Karani anaitwa Metrine, mwanamke wa kutoka upande wa Busia, anafuma sweta huku anakuhudumia. Nimemzungukia kwa akili. Nimeanza na mvua, nikapitia tumbaku, nikaingia kwenye afya ya wananchi kwa jumla. Akakata uzi kwa meno, akasema kama ni wale madaktari wa macho, habari walishapewa machifu wote, nikamuulize chifu wangu.

Mimi macho sikuyataja! Nimemuuliza amejuaje. Akasema kila aliyeingia leo ameuliza hilo hilo. Na akatabasamu. Karani wa serikali hatabasamu bure.


Jumatano, 7 Agosti

Kambi ya chifu. Chifu hayupo. Koti lake lipo kwenye kiti.

Hiyo mbinu naijua tangu utoto wangu. Koti linakaa ofisini, mwenyewe anafanya yake kwingine. Nimelikagua koti kwa mbali. Lina vumbi mabegani.

Askari wake amesema chifu yuko kwa marehemu mzee Radido wanapanga mazishi. Jumamosi ni kuzika, na chifu atatangaza kila kitu pale pale kama kawaida. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza jua linatokea wapi. Akasema, kwani mimi ni mgeni hapa, mambo ya serikali si husemwa matangani, maana huko ndiko watu waliko?

Najua. Lakini mimi matangani siendi.

Niiandike sababu, nikifa ijulikane. Mwaka jana nilikwenda mazishi ya mjomba wa watu na jogoo mkononi. Jirani yangu Zablon ndiye mwenye kipaza sauti na betri ya gari. Kila matanga anakodishwa, na kila anachoona anakisema. Nilipomkabidhi jogoo, akatangaza kwa heshima zote kwamba ndugu Fanuel ameleta jogoo. Halafu akasema, kwa sauti iliyofika hadi kanisani, kwamba jogoo anaonekana mgonjwa, mwenye dawa asaidie.

Watu walicheka mbele ya jeneza. Mjane alicheka. Jogoo hakuwa mgonjwa sana, alikuwa na mafua tu.

Tangu siku hiyo sijakanyaga matanga yoyote, na Zablon simsalimii. Ninakohoa tu tukipishana. Sasa serikali inataka habari ya jicho la mama yangu ipite kwenye kipaza sauti cha Zablon. Hii imepangwa. Sijui na nani, lakini imepangwa.


Jumamosi, 10 Agosti

Nimepata njia. Sikuhudhuria mazishi. Nimehudhuria shamba la miwa lililo jirani na mazishi.

Nilijibanza humo tangu asubuhi. Kila kitu nilikisikia vizuri. Nilimsikia Zablon akijaribu kipaza sauti chake, moja mbili, moja mbili, kama mtu anayejifunza kuhesabu. Nilisikia wakwe, nikasikia kwaya, nikasikia mjukuu akimsifu marehemu kwa ukarimu, na mimi nikanyamaza ingawa marehemu alikaa na jembe langu mpaka likaisha. Hatimaye chifu akasimama. Akaanza na chanjo ya Ogwedhi. Akaenda kwenye vitambulisho. Kisha, kwa masikio yangu haya, akasema: na sasa hawa madaktari wa macho, mnisikilize vizuri sana, watakuja siku ya...

Krrr. Kimya.

Betri imekwisha, eti. Betri iliyohimili kwaya tatu na wakwe wote, ikafa kwenye neno hilo. Zablon aliniona. Sijui aliniona vipi kupitia miwa, lakini aliniona.

Chifu akaendelea kwa mdomo tu. Niliona vichwa vikiitikia. Nikasogea mbele kidogo nisikie, nikasimama juu ya siafu. Nilivumilia kadiri mwanaume anavyoweza. Halafu nikatoka kwenye miwa nikiwa navua suruali, nikakatiza katikati ya waombolezaji, upande wa kina mama. Wengine walidhani ni uchungu wa msiba, wakaanza kulia upya. Zablon alisimama na kipaza sauti chake kilichokufa mkononi, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba hakina betri.


Jumapili, 11 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimevimba, na kiti hakinifai.

Mama amekwenda. Alishikwa mkono na Truphena, mke wa Zablon. Sipendi ukaribu huo. Mwanamke anapomshika mkono mama wa mtu kila Jumapili, kuna kitu anataka.

Mama amerudi amechangamka. Akaanza kusema leo baada ya mahubiri wametangaza kwamba wale... Nikamkatiza kwa upole. Nikamwambia Mama, pumzika, hayo ya kanisani ni ya kanisani, mimi niko kwenye mambo mazito ya macho yako. Akasema lakini wuoda, ni hayo hayo ya macho... Nikamwambia asijichoshe. Nikamwambia nina mpango, bila kusema ni upi.

Mpango ni huu. Tulipokatwa kutoka kwa wenzetu tukapewa wilaya yetu, walituletea Migori viti, meza na ubao wenye kufuli. Mafaili je? Mafaili yalibaki Homa Bay, hilo halina ubishi, kila anayefuatilia kitu cha zamani anaambiwa aende huko. Na serikali ni mafaili. Kwa hiyo serikali ya kweli ilibaki Homa Bay, na huku kwetu tuna chifu, koti na Zablon.

Kesho naenda kwenye chanzo. Nimemwambia Mama nakwenda sokoni kuangalia ng'ombe. Amenitazama kwa yale macho yasiyotazama.


Jumatatu, 12 Agosti

Homa Bay. Nauli sitaki kuizungumzia.

Njiani, upande wa Rongo, tumepishana na Land Rover nyeupe iliyojaa watu waliovaa makoti meupe, wanacheka. Imechorwa jicho kubwa mlangoni. Nimeinama chini ya dirisha wasinione. Watu wenye kazi ya siri hawachori jicho mlangoni. Nimeiweka akilini.

Ofisi za huku ni za heshima. Korido ndefu, milango mingi, na nyuma ya kila mlango mtu anayekutuma mlango mwingine. Hapo nikajua nimefika. Mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikasema karibu na Ogwedhi. Akasema nyinyi mlishaondoka kwetu, mna wilaya yenu, mnarudi kufanya nini? Nikamwonyesha kwa jicho kwamba naelewa. Hakuelewa kwamba naelewa.

Mwishoni nimempata bwana wa afya, mrefu, mpole, anakula muhogo. Amesema madaktari wa macho wameondoka asubuhi hii kwa gari nyeupe kwenda kwetu. Watakuwa kituo cha afya kilicho karibu na kambi ya chifu wetu, mpaka Jumatano. Akaniuliza, kwani chifu hakutangaza?

Nimetoka nikacheka mwenyewe pale nje. Yaani wanadhani nitarudi mbio! Kila mtu anasema jambo moja, kwa maneno yale yale. Karani, askari, huyu wa muhogo. Watu wanaosema ukweli hawapatani hivyo. Hiyo Land Rover ni ya kutupumbaza sisi watu wa vijijini. Madaktari wenyewe, wale hodari, wamebaki hapa na wanawatibu wakubwa kimyakimya. Kesho nitawapata hospitalini.


Jumanne, 13 Agosti

Nimelala kwa binamu yangu. Binamu amesema Homa Bay hakuna madaktari wa macho wiki hii. Binamu anafanya kazi serikalini.

Hospitalini nimetafuta foleni ambayo hawaitangazi. Nikaiona, nyuma kabisa ya majengo. Watu wamevaa vizuri, wananong'ona, wengine wamevaa miwani myeusi. Nikajipanga bila kuuliza. Mama mmoja akanishika bega, akasema pole sana, nikamwambia ahsante, tumehangaika nalo siku nyingi. Akasema Mungu ndiye anayejua. Nikaona hapa ndipo penyewe.

Mlango ukafunguka, wakatoa jeneza.

Ningefanya nini? Tayari nilikuwa nimeshika pembe moja. Mtu aliyeshika pembe ya jeneza haulizi maswali. Nilipakia, nikapandishwa garini, nikasikia tunaelekea Rongo, na kwa kuwa ndiyo njia ya kwetu na mfuko wangu ulikuwa mkavu, nikaendelea kuhuzunika. Nililia vizuri. Nilipewa kiti cha mbele.

Kule kwenye mazishi nilikuwa nakula wali wangu, simjui mtu, chifu wao akasimama. Akasema: wale wenye wazazi wenye mtoto wa jicho, madaktari wako kule karibu na Ogwedhi, kesho ndiyo mwisho, baada ya hapo hawarudi mpaka mwakani.

Nikaweka sahani chini. Hakuna mtu aliyejua kwamba nitakuwa kwenye matanga haya. Hata mimi sikujua. Hawa hawakuwa na nafasi ya kunipangia. Basi ni kweli. Ilikuwa kweli tangu Jumatatu ya kwanza, na mimi nimemwacha Mama peke yake na pipa la maji.

Niliogopa. Naandika wazi, niliogopa kama sijawahi kuogopa.


Jumatano, 14 Agosti

Nimefika nyumbani vumbi mpaka kwenye meno. Nyumba ya Mama iko wazi. Mama hayupo. Fimbo yake haipo. Nimeita mpaka mbuzi akanijibu. Kichwani nikamwona ametumbukia mtoni, nikamwona amepotea kwenye miwa, nikajiona mimi nikieleza matangani, kwenye kipaza sauti, kwamba nilikuwa Homa Bay.

Nikakimbia mpaka kituo cha afya.

Sauti niliyoisikia kwanza kwa mbali ilikuwa ya Zablon. Betri mpya. Alikuwa anaita majina ya wagonjwa, kwa adabu, mmoja mmoja. Na pale barazani, kwenye benchi, Mama amekaa na bendeji kwenye jicho la kulia, Truphena amemshikia kikombe cha uji. Kumbe walimleta tangu Jumatatu. Jana alipasuliwa. Leo wanafungua.

Truphena amesema walinitafuta kila mahali. Mama ndiye aliyewakataza kwanza, akasema mambo ya serikali ni ya Fanuel, tumngoje. Walipomwambia Fanuel haonekani, akamuuliza Zablon kama mkono wake ni safi, basi amshike waende.

Daktari akafungua bendeji. Mama akapepesa. Akaangalia mikono yake mwenyewe kwanza, akaigeuza. Kisha akainua uso akaniangalia, akaniangalia sana.

Akasema, wuoda, umekonda. Na hilo shati ni la baba yako.

Nikalia. Si kilio cha jana, hiki kilitoka chenyewe. Zablon akakizima kipaza sauti kabla hakijanichukua. Nimeliona hilo. Nikataka kumshukuru, nikakohoa. Akasema, omera, ndugu yangu, karibu.


Jumapili, 18 Agosti

Mama anaona.

Anaona kila kitu. Ameona kwamba mahindi yangu yamepanda kilima kwa mistari ya nyoka. Ameona ua wa Zablon, na ndani yake jogoo mkubwa mwekundu anayetembea kama diwani, akaniuliza yule si wetu? Kumbe baada ya matanga Zablon alimnunua, akampa dawa. Mama amecheka mpaka akaambiwa asicheke, jicho ni bichi.

Halafu amelala kitandani mchana, chali. Akaniita. Akaniuliza nyasi mpya ziko wapi, maana anaona wingu. Anaona mpaka linakoelekea. Safari hii umande haukufaa, nikatoka nje kuangalia mbuzi.

Nimefikiria sana tangu hapo. Daktari alisema wamemwekea kioo kidogo ndani ya jicho. Kioo! Bure! Tangu lini serikali ikakupa kioo bila kutaka kuona kitu? Sasa wanaliona paa langu kule ofisini kila Mama akilala chali. Ndiyo maana karani alikuwa anatabasamu.

Na bado kuna jicho la kushoto. Madaktari watarudi mwakani kulishughulikia. Siku gani, wapi, nani ataingia kwanza? Nimemuuliza askari wa chifu kwa kuzunguka. Amesema tarehe itatangazwa Jumamosi, kuna mazishi ng'ambo ya mto. Mama amesema tutakwenda wote, yeye, mimi, Truphena na Zablon, na mimi nitabeba betri.

Eti nibebe betri. Ili waniangalie nisisikie. Wananiona mjinga.

Nimeweka shati la baba tayari. Kesho alfajiri naenda Homa Bay kutafuta hiyo tarehe kwenye mafaili yenyewe. Mama huamka mapema na hukaa mlangoni siku hizi, anaangalia tu, hachoki. Lakini nimeshapima. Nikipita karibu na pipa, nitakuwa upande wake wa kushoto.